Moshi wa Akko Ndani ya Kompyuta

Moshi wa vyombo vya maziwa si kama moshi wa kupikia. Ni mzito, una utamu fulani, na ukishaingia kwenye nguo hautoki kwa sabuni. Nyumbani kwetu, ukingoni mwa mji wa Isiolo, ulianza kila siku baada ya swala ya alasiri, wakati Akko, bibi yangu mzaa mama, alipotumbukiza vijinga vya moto ndani ya vibuyu, akavifunika na kuvitikisa, ili maziwa ya jioni yasiharibike upesi na yawe na ladha ya kwetu. Kiangazi kile alivifukizia ndani, maana nje upepo ulimwaga vumbi la barabara ya Burat hadi kinywani. Kando yake, juu ya meza yenye kitambaa cha kufumwa, ilikaa kompyuta.

Mjomba Guyo ndiye aliyeileta, akiwa njiani kwenda mnadani Oldonyiro. Ilikuwa kuukuu, na ndani yake kulikuwa na Linux, mfumo wa bure ambao hata mashine zilizochoka huumudu. “Sasa wewe ndiye fundi,” aliniambia akicheka. “Ikifa, usinipigie. Mimi najua mbuzi tu.” Mama alikuwa Uarabuni, nchi za Ghuba, akifanya kazi katika nyumba ya watu, na ruhusa yake ya kutupigia ilikuwa Ijumaa alasiri tu. Simu ya Akko ilikuwa kabambe, ya kuongea na kumulika tu. Kwa hiyo kompyuta ile ndiyo iliyokuwa njia yangu pekee ya kumwona mama, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kunitoka akilini, na hilo lilinitisha kuliko fisi.

Lakini kila Ijumaa mambo yalikuwa yale yale. Uso wake ulitokea kama vigae vya rangi, ukaganda mdomo ukiwa wazi, kisha mashine ikazimika. Mimi ni mtu ambaye mstari ukipinda huchana ukurasa mzima. Hata utotoni nilikuwa hivyo. Sikulala vizuri. Niliogopa mama atadhani tumemkatia. Nikaenda saiba, duka la intaneti mjini, kusoma, nikarudi na amri nilizozikariri kama sura za madrasa. Niligundua kwamba Linux ilidhani modemu yetu, kidude cha kuleta mtandao, ni kifaa cha kuhifadhia faili tu, nikairekebisha. Nikaisogeza modemu dirishani kwa waya mrefu. Nikafuta mfumo wote na kuuweka upya. Asubuhi mtandao ulikwenda vizuri ajabu. Ijumaa alasiri, kimya.

Mwishowe nikasoma kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia yenyewe, na kila ilipozimika, mstari wa mwisho ulilalamikia joto. Nikafungua kifuniko. Feni haikuonekana. Masizi ya vibuyu yalikuwa yameshikana na vumbi yakawa utando mweusi wenye mafuta, kama sufu ya kondoo aliyelala jivuni. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nikilaumu minara na satelaiti, kumbe ni mikono iliyonilea.

“Mashine gani hii inaogopa moshi?” Akko alishangaa nilipomweleza. “Hata ndama wa jana anavumilia.”

“Akko, inapumua kwa hapa. Tumeiziba pua.”

Akabeba vibuyu vyake nje, kwenye upepo. Wiki ile maziwa yalikuwa na mchanga, na hakulalamika hata mara moja.

Nilisafisha feni kwa brashi ya rangi, bawa kwa bawa. Ijumaa ikafika. Picha ikaja safi, bila kigae hata kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke nikamwona mama. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Jino la mbele halikuwepo. Alipoinua mkono kurekebisha shela, niliona kovu la kuungua, bichi bado, kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko. Macho hayana pazia.

“Mama, mkono una nini?”

Alitazama pembeni, pengine kwenye picha yake mwenyewe, akajua kwamba safari hii naona. “Si kitu, mwanangu. Ni pasi tu.” Kisha skrini ikawa nyeusi, sauti ikabaki. Alisema kamera yake imeharibika. Iliendelea kuharibika kila Ijumaa baada ya hapo, na hilo ndilo tatizo pekee la mashine ambalo sikujaribu kulitatua.

Akko, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee na alimjua binti yake kwa sauti tu, alinigusa goti. “Umemwona?”

“Nimemwona.”

“Amenenepa?”

“Amenenepa, Akko. Amenenepa sana.”

Akacheka, akamshukuru Mungu, akatoka kwenda kukamua. Alifariki kabla mama hajarudi, akiwa na binti mnene moyoni.

Siku hizi watu huniletea kompyuta zao, na simu ya mtoto yeyote mjini huonyesha uso wa mtu aliye ng’ambo hadi vinyweleo. Mama yuko nyumbani. Hakuna mtandao kati yetu, ni meza tu. Anaponimiminia chai, wakati mwingine mkono wa nguo hupanda, naye huushusha haraka. Mimi ambaye nilitaka kuona kila kitu, nimejifunza kuangalia kikombe.