Mguu wa Mbele ndio Unaoshika

Niliingia kwenye kongamano la sayansi kule Lodwar nikiwa nimechoka tayari. Wiki mbili nzima tulifanya mazoezi Kakuma, kwenye jua la saa nane, jua ambalo hata mbuzi hulikimbia.

Katika igizo letu tulikuwa kinesini, protini inayobeba mizigo ndani ya seli kwa kutembea kwa miguu miwili. Mguu mmoja mimi. Mguu wa pili dada mmoja Mkongomani wa kambi ya wakimbizi, kidato cha nne, mwenye kichwa kuliko sisi wote. Tulifungwa kamba kiunoni, jerikeni juu yetu ndiyo mzigo. Tukishinda tungeenda Eldoret, naye angepewa kibali cha kusafiri. Kazaliwa kambini, Lodwar ndiyo mwisho wa dunia yake, tena kwa karatasi ya siku moja.

Alinifundisha hadi akachoka. "Ndugu, hakuna mutu anasukuma. ATP, ile nguvu ya seli, inashika mguu wa mbele. Ukishikwa, unabadilika umbo, shingo yake inajilaza, na ule wa nyuma unarushwa mbele. Umesikia?"

Nilisikia. Shida ni kwamba ukumbi ulikuwa umelala. Walimu wanapiga miayo, watu wanajipepea kwa madaftari. Nikamnong'oneza mwenzetu aliyeigiza ATP: chukua fimbo, tuswage kutoka nyuma kama mbuzi. Huku kwetu nani hajui mbuzi huswagwa kutoka nyuma? Akatuchapa, nikalia mee, ukumbi ukaamka wote. Walicheka mpaka viti vikalia.

Jaji, mama mmoja wa miwani, hakucheka. "Kwa hiyo ATP ni mchungaji?"

"Ndiyo, mwalimu. Na sisi ndio mifugo."

"Na mguu wa mbele, umebadilika wapi?"

Dada akajitokeza haraka. "Mwalimu, ATP inaingia kwa mguu wa mbele, kisha shingo..."

"Nimeandika nilichoona, binti. Wafuatao."

Kwenye basi la shule dada aliangalia dirishani hadi tukakaribia kufika.

"Ulijua ni mguu wa mbele?"

"Nilijua."

"Ulijua, na ukafanya."

 

Kwenye geti la kambi alirudisha ile karatasi yake ya siku moja. Mlinzi akaikunja, akauliza kama tumeshinda.

"Hapana, baba," dada akasema. "Tulichekesha."