Ephraïm na Jicho la Mama Mkwe Wake

Ukitaka kujua Ephraïm Katongo ni mtu wa namna gani, muulize mgonjwa yeyote aliyepita mikononi mwake katika kliniki yetu ya macho hapa Lubumbashi. Atacheka kwanza. Kisha atakuambia kwamba yule mganga wa ganzi alimhoji kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Jina lako nani? Jicho gani linafanyiwa leo? Nionyeshe kwa kidole chako mwenyewe. Hata uwe profesa wa chuo kikuu cha Kasapa, hata uwe padri, utainua kidole na kuonyesha jicho lako kama mtoto wa shule. Sisi wafanyakazi tulimbatiza jina la Juge, hakimu. Hakukasirika, aliendelea kuuliza.

Mimi ni Chance, muuguzi wa chumba cha operesheni. Nimefanya kazi naye miaka kumi na moja, na katika kumtania sikuwa na mpinzani. Lakini nilijua maswali yale yalitoka wapi. Baba yake, mkulima wa mahindi kule Lukafu, alipofushwa na glaucoma, ule ugonjwa wa presha ndani ya jicho, akafa akiongozwa kwa fimbo. Ephraïm hachezi na jicho la mtu.

Na kazi yake haina mchezo. Wengi wanadhani tukifanya mtoto wa jicho tunamlaza mgonjwa usingizi. Sivyo. Mtu mzima anapigwa sindano chini ya jicho, dawa inaingia nyuma yake, jicho linakufa ganzi, na mwenyewe hajalala. Anasikia mikasi, anasikia hata umbea wetu. Huko nyuma ya jicho kuna mishipa ya damu, na hata mkono mzuri huweza kuugusa mmoja. Ndiyo maana sindano ile haipigwi bila sababu, na haipigwi kabisa kwenye jicho ambalo halikuja kufanyiwa kitu.

Sasa nifike kwa Mama Victorine. Ni mama yake Sephora, mke wa Ephraïm. Mjane wa mtu wa reli, familia yao ilishuka kutoka Kabalo zamani za babu, na yeye ni fundi wa nguo pale Kamalondo. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, jeupe kabisa. La kulia lilikuwa na glaucoma changa, akiituliza kwa matone ya dawa asubuhi na jioni, na kwa jicho hilo moja alitunga uzi kwenye sindano na kushona mashati ya kwaya nzima. Tulipanga kumfanyia la kushoto, ili asibaki kulitegemea lile moja tu.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawagusani, hawali sahani moja, na wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Vijana wengi wa mjini wameyaacha hayo, wanakaa na mama mkwe kwenye kochi moja wakitazama mpira. Ephraïm hakuacha. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na nadhani hakuwahi kujua kama mama yule ana kovu usoni au hana. Akimwona anakuja huku, yeye anapinda kule. Watu walimsifu, na mimi pia nilimsifu, maana heshima ni jambo zuri. Sikufikiri siku moja itatuletea msiba kazini.

Siku ya operesheni, Alhamisi, Doudou, mganga wa pili wa ganzi aliyepangwa kumchoma, alikuwa Sakania kwenye kilio cha mjomba wake. Daktari wetu anapasua Alhamisi tu. Mama Victorine alikuwa amengoja miezi minne, na tayari tulikuwa tumeanza kumtia matone ya kufungua mboni. Nilimwambia Ephraïm amrudishe nyumbani mpaka wiki ijayo. Nilimwambia mara moja tu, na leo ninajilaumu kwamba sikupiga kelele.

"Atarudia kungoja tena? Hapana," akasema. "Nitaweza. We Chance utakuwa katikati yetu."

Nikawa katikati yao. Nilikwenda wodini, nikamuuliza Mama Victorine jina, nikamuuliza jicho.

"Ni hii ya kushoto, mutoto wangu," akasema, akalionyesha kwa kidole. "Hii ingine ndio inaniletea chakula. Musiiguse."

Nikachora mshale juu ya nyusi ya kushoto kwa kalamu yetu ya wino wa zambarau. Hapo hakuna kosa. Nimelirudia kichwani mara mia na hapo hakuna kosa.

Kosa lilikuwa ndani. Siku zote Ephraïm hupiga sindano uso ukiwa wazi, anautazama mshale, anauliza, ndipo anachoma. Kitambaa cha kufunika uso huja baadaye. Siku ile alisimama mlangoni, amegeukia ukutani, mikono yake imevaa glavu, na jasho linamtoka.

"Chance, umufunike sura kwanza," akaniambia. "Uache jicho tu."

Ningekataa. Lakini nilimhurumia, na huruma isiyo na akili ni mzigo. Kila siku mimi husimama mbele ya mgonjwa, na jicho lake la kushoto huwa upande wa mkono wangu wa kulia. Siku ile, ili nimpishe Ephraïm, nilisimama kichwani pa kitanda. Mkono wangu ukafuata njia yake ya kila siku, upande wa kulia, ukafungua tundu la kitambaa juu ya jicho la kulia. Mshale ukabaki chini ya kitambaa, umefunikwa na mimi mwenyewe.

Ephraïm akaja. Aliona kipande cha ngozi na kope zilizofumbwa, hakuona mtu. Na yule hakimu wetu, aliyemhoji padri na profesa, siku hiyo hakuuliza swali hata moja. Ataanzaje kumhoji mama mkwe wake? Alinitazama mimi, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, akachoma. Mama Victorine alivuta pumzi kwa nguvu, vidole vyake vikakamata shuka. Nilidhani ni maumivu.

Haikupita dakika mbili, kope ikaanza kuvimba. Ikawa nyeusi, jicho likasukumwa mbele, na Ephraïm alipoligusa lilikuwa gumu kama pera bichi. Damu ilikuwa inajaa nyuma. Alimwita daktari kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Daktari akaja mbio, akavuta kitambaa ili apate nafasi, na hapo sote watatu tukauona mshale, juu ya jicho lingine.

Daktari alikata kona ya nje ya jicho ili presha itoke, tukatundika dawa ya mshipa, tukahesabu dakika. Jicho la kushoto hatukuligusa. Mama Victorine alirudishwa wodini na bandeji kwenye jicho lake zuri, na lile bovu wazi, yaani kipofu kabisa.

Daktari alitufungia mlango wa ofisi yake.

"Mama iko na tension," akasema, akimaanisha presha ya damu. "Tutasema tension ilipanda, mishipa ikapasuka. Hata bila siye ingeweza kupasuka. Ephraïm, we ni mukwe yake. Unataka kuvunja nyumba yako?"

Niseme ukweli: mimi nilitaka akubali. Nina watoto watatu, na kazi za kliniki hazidondoki mitini. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, kubali, Juge, kubali. Ninaona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ephraïm aliivua glavu kidole kwa kidole. "Mficha maradhi, kilio humfichua," akasema. "Docteur, mi sitadanganya yule mama. Andika kwenye fishi yake ya matibabu vile ilifanyika. Andika jina yangu."

"Na yangu," nikasema. Sauti ilinitoka yenyewe, si kwa ushujaa.

Mchana uleule aliingia wodini, na mimi nyuma yake. Sephora alikuwa amekaa kitandani, ameushika mkono wa mama yake. Ephraïm hakunipa neno la kupeleka. Alisimama mbele ya mama mkwe wake, akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza, akasema mwenyewe.

"Mama, nilikosa. Nilipiga sindano kwa jicho muzima. Sikuuliza, sikutazama alama. Si tension yako. Ni miye."

Sephora alipiga ukelele. Akamwita mume wake majina ambayo sitayaandika hapa, akatoka nje akilia. Nikasema na langu, kwamba ni mimi niliyefunika. Mama Victorine alijivutia shuka mpaka kidevuni, akageuza uso ukutani.

Kesho yake asubuhi daktari alifungua bandeji. Sote tulikuwepo, Sephora pia, macho yamemvimba. Daktari aliinua vidole vitatu mbele ya jicho la kulia.

"Ngapi, mama?"

Mama Victorine alikaza jicho, akageuza kichwa huku na huku.

Daktari akausogeza mkono karibu, akaupeperusha.

"Kintu inatembea," akasema Mama Victorine. "Na dirisha ninaona, ni nyeupe. Ile ya mukono yako, siyue ni ngapi."

Presha ilikuwa imeshuka, daktari akasema, na pengine baada ya wiki kadhaa kitu fulani kingerudi, ila si chote. Glaucoma na damu ile vilikuwa vimeshaubana mshipa wa kuona. Jicho la kushoto lingefanyiwa baadaye, kwa mkono wa Doudou. Lakini lile la kutunga uzi, lile alilosema tusiliguse, halikuwapo tena.

Mama Victorine alinitafuta kwa mkono mpaka akanipata.

"Chance, umuambie mukwe," akasema, ingawa mukwe alikuwa hatua mbili kutoka kitandani. "Sindano ilipoingia, mi nilijua. Nilisikia baridi upande ya kuume. Nilijua munakosea jicho."

"Mama!" nikasema. "Sasa juu ya nini haukusema?"

"Nitamusemesha namna gani? Ni mukwe yangu."

Nilimgeukia Ephraïm ili nimfikishie, kama nilivyokuwa nikifanya tangu jana asubuhi. Hapakuwa na cha kufikisha. Alikuwa amekaa sakafuni, mikono kichwani, analia mbele ya mama mkwe wake, na yeye mama alikuwa amegeuza uso ili asimwone.