Pikapu Iliyopandishwa, na Mama Mkwe wa Nkwenda

Kwanza niseme sababu ya kuondoka, maana nasikia hapa Kituntu wapo wanaosema mimi Projestus nililiinua gari langu juu ili niringe. Haki ya Mungu sikuringa! Nilikwenda kumchukua mama mkwe wangu.

Mama mzaa mke wangu anakaa Kyerwa, kwenye vilima vya nyuma ya Nkwenda, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Mchana wake ulikuwa ukungu mtupu. Tukapata habari kwamba madaktari wa macho wamefika hospitali moja ya huku Karagwe, watapasua watu kwa siku chache kisha waende zao, na hakuna ajuaye watarudi lini. Bodaboda hapandi tena. Ilimwangusha ikamharibu nyonga. Nikamfuata na pikapu yangu kuukuu, ile mnayoijua. Lo! Kufika kwenye kilima cha kwao, magurudumu yakazama kwenye mifereji iliyochimbwa na malori ya ndizi, tumbo la gari likakaa juu ya tuta la katikati, na tairi zikabaki zinazunguka bure. Nikavutwa kinyumenyume na lori huku watu wanapiga makofi.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mke wangu Jeneroza alikuwa amejifungua juzi tu, mtoto kifuani, hawezi safari. Akanitazama kwa hasira.

"Baba Koku, yaani mama yangu abaki kipofu kwa sababu ya tumbo la gari?"

Kesho yake alfajiri nikaondoka.

Mjini Kayanga nilifika mapema, moja kwa moja gereji kwa fundi Sospeter. Nikamwambia nataka gari liinuke na livae tairi kubwa, lakini mfuko wangu anaujua. Vifaa vipya vya kuinulia gari vinaagizwa mbali, vya watu wa kutalii. Sospeter akacheka, akanionyesha lori lililokufa nyuma ya gereji, nyasi zimeota mpaka kwenye usukani.

"Marehemu huyu atatusaidia," akasema. "Springi zake bado nzima."

Akaanza kazi. Akachomoa majani ya springi kutoka kwa marehemu, akayakata, akayaongeza kwenye springi zangu mbele na nyuma. Akafunga kwa bolti ndefu. Akatafuta shokapu ndefu na tairi kubwa zilizotumika, akabadilisha mipira ya breki kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imevutika kama mshipi, kisha akachukua msumeno wa chuma akakata madigadi yangu bila hata kuniomba radhi. Nikapiga kelele. Akasema, "Tulia, bosi. Tairi kubwa haliingii kwa maombi."

Jioni akanipigia simu nije nilione. Nikaja. Maawe! Nilisimama nikashika kichwa. Mimi niliacha pikapu, nimekuta mnara! Tairi zimetokeza nje kwa pande zote, bodi iko juu huko, na kiti changu mwenyewe nilikifikia kwa kuparamia. Nikamuuliza Sospeter kama ana akili timamu.

"Si ulisema matope? Gari hili litayaona matope kwa mbali," akajibu. "Ila sikiliza. Kona usikate kwa fujo. Limepanda juu, linapepesuka."

Asubuhi nikapita Omurushaka, watoto wa shule wanakimbia pembeni wakishangilia. Kona ya kwanza tu, gari likalala upande kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya rubisi, nikaona ndizi za shamba la watu zinakuja dirishani. Nikaita jina la Mungu kwa sauti. Baada ya hapo nilikwenda mwendo wa maandamano ya Ekaristi, baiskeli zikinipita.

Saa nne hivi nikafika kwenye kile kilima. Kulikuwa na gari mbili za Noah zimekwama na watu wanachimba. Nikatia gia nzito, nikafumba jicho moja. Jamani! Gari lilipita juu ya lile tuta bila kugusa hata nyasi! Tope likaruka mpaka kwenye kioo, tairi zikashika, likapanda kama mbuzi. Nilipofika juu nilizima injini nikashuka kuhakikisha kwamba kweli ni gari langu. Niliona fahari, siwafichi.

Nyumbani kwa mama mkwe nikapokewa na jirani yake, mjane mmoja mdogo wa umbo lakini sauti yake inafika Uganda, Mama Grasiana. Tulikuwa tumekubaliana atatusindikiza. Nikaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Mama mkwe mwenyewe alikuwa ndani, nami nikamwamkia nikiwa nje, nimegeukia migomba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Koku hajambo? Na mchanga?"

Kwa wasiojua mila hii, wapo vijana siku hizi wanaoidharau, nieleze. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, wala hamgusi. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani. Wazee wanasema ukimgusa, mikono itakutetemeka mpaka kaburini. Tangu nimuoe Jeneroza, mama huyu nilimjua kwa sauti na kwa kanga aliyojifunika usoni. Ndiyo maana Mama Grasiana alikuwa akae katikati yetu garini.

Basi akatoka, ameshikwa mkono, amevaa nguo ya kwendea kanisani. Wakafika kwenye mlango wa gari. Mama mkwe akapapasa. Akagusa tairi. Akapandisha mkono, bado tairi. Akapandisha tena.

"Ai Ruhanga, Mungu wangu! Hii ni nyumba?" akauliza.

Jamani, nilikuwa nimepima tope, nimepima mifereji, nimepima tuta. Mtu wa kupanda sikumpima! Sakafu ya gari ilikuwa kifuani kwake, naye ana nyonga mbovu na haoni. Mama Grasiana akaleta kigoda, akaleta ngazi ya kuchumia kahawa. Ngazi ikayumba, mama mkwe akapiga kelele, akaketi chini kwenye nyasi.

"Siendi. Mwambieni Jeneroza nimeshukuru. Macho yangu yabaki yalivyo."

Mama Grasiana akanigeukia. "Mkwe wetu, wewe una kifua kipana namna hiyo, umesimama kama nguzo ya umeme!"

"Unataka nimguse?" nikamuuliza. Hata yeye akarudi nyuma hatua moja.

Nilikuwa karibu kulia, kweli. Dereva mzima, gari limeshinda kilima, limeshindwa na bibi mmoja. Mama Grasiana ndiye aliyekumbuka kwamba chini kidogo njia imekatwa ubavuni mwa kilima, ukingo wa udongo umesimama juu kuliko kiuno. Nikalisogeza gari pale mpaka mlango ukagusana na majani ya ukingoni. Wakaja kwa juu, polepole, na mama mkwe akaingia garini kwa hatua moja kama mtu aingiaye sebuleni. Mama Grasiana akapiga vigelegele. Nami nilikuwa nimegeuza uso, natazama kioo cha pembeni.

Njiani kurudi hatukuzungumza sana. Kila tukiinama kwenye kona, mama mkwe alishika rozari na Mama Grasiana alinishika mimi. Zile Noah zilikuwa bado zimekwama palepale.

Alasiri tukaingia hospitali. Uwanja ni wa saruji, tambarare kama sahani. Nikatafuta kwa macho ukingo, tuta, hata rundo la mchanga wa ujenzi. Hakuna! Nikashuka upande wangu, na Mama Grasiana akaruka chini kwa mlango huohuo akakimbilia ndani kushika nafasi na kuomba kiti cha magurudumu. Mimi nikazunguka gari, nikasimama mbali kidogo kwa adabu.

Punde nesi akatoka barazani, akaita kwa sauti, "Bibi Anastela kutoka Nkwenda! Wa mwisho! Kama hayupo tunafunga!"

"Nipo!" mama mkwe akajibu kutoka juu garini. "Nipo, msifunge!"

Akafungua mlango mwenyewe. Akatoa mguu, akatafuta ardhi. Mguu ukaogelea hewani. Nikapaza sauti, "Mama, ngoja!" Hakungoja. Yule mama alikuwa amengoja macho muda mrefu mno. Akajiachia.

Nikamdaka.

Sijui niliruka vipi kutoka nilipokuwa. Najua tu kwamba mikono yangu ilijaa mama mkwe wangu, mwepesi kuliko mkungu wa ndizi, kanga imeanguka, na uso wake uko karibu na wangu. Mzee mmoja barazani akageuza kichwa. Nilishikwa na hofu ambayo hata kona za Kyerwa hazikunipa, na mikono ikaanza kutetemeka kweli. Nikataka kumweka chini.

Akanishika shati. "Usiniweke. Wanafunga. Twende!"

Basi nikaenda. Nilivuka ule uwanja nimembeba, natazama mbele kama askari, jasho linanitoka, mpaka nikamkabidhi mlangoni kwa nesi. Kisha nikatoka nikakaa nyuma ya gari langu refu, nikaificha mikono kwapani. Niliwaza nitamwambia nini Jeneroza.

Asubuhi iliyofuata walikuwa wanafungua bandeji ya jicho la kwanza. Nilisimama nje, nyuma ya ukuta, nisionekane. Halafu nikasikia sauti yake.

"Dirisha lile. Mti ule. Ee Grasiana, kumbe umezeeka hivi!"

"Na wewe je?" Mama Grasiana akajibu huku analia.

"Yuko wapi aliyenibeba?"

"Yuko nje, amejificha. Mila."

"Mwite. Nimekaa gizani vya kutosha, na mtu aliyenitoa huko sitamfunikia uso. Mwite aje."

Nikaingia nimeinamisha kichwa. Akaniambia niinue. Nikainua. Hakuwa na kanga usoni. Jicho moja limefunikwa bado, jingine jekundu, linatoa machozi, linanitazama tangu kichwani mpaka viatuni. Ana sura ya Jeneroza kabisa, na mimi miaka yote hiyo sikujua.

"Kumbe ni wewe, Baba Koku," akasema. Akanitazama tena. "Mbona mfupi hivyo? Na gari lote lile!"

Wodi nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka nikilia, bila haya.

Nilimpandisha garini kwa mikono yangu mwenyewe, tukarudi kwa kupitia gerejini, Sospeter akachomelea ngazi mbili za chuma chini ya kila mlango. Kwa hiyo ninyi mnaotaka kupandisha magari yenu, na nasikia mpo, msianze na tairi. Mtafuteni mzee kuliko wote atakayepanda, pimeni goti lake, ndipo mwende kwa fundi. Na mama mkwe? Njia nzima alinionyesha vitu: ng'ombe wa watu, bati jipya, kahawa iliyochanua. Kila mara alitaka nimjibu nikimtazama usoni. Nililazimika kulisimamisha gari kila aliponiita, maana kwa kona zile ukitazama pembeni mnaingia shambani wote.