Kisyeri aikagua akaunti meno kama ng'ombe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande wa kijiji cha Mbalibali bado umelala kwenye majani, na ng'ombe kumi na tisa wanatembea mbele ya mtu mmoja mwembamba mwenye viatu vya tairi. Anapiga mluzi mmoja tu. Wote wanageuza masikio.

Huyo ni Kisyeri Marwa, miaka 54, mswagaji wa ng'ombe wa watu. Majirani wanaapa kwamba mwaka fulani alipiga mluzi huohuo karibu na geti la Ikoma, nyati wawili wakatoka porini wakaingia kwenye msafara. Mwenyewe anakataa katakata.

"Uongo mtupu," anasema. "Alikuwa nyati mmoja."

Kwa miaka thelathini na moja amefikisha mnadani maelfu ya ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wake. Hulipwa shilingi elfu tatu kwa kila kichwa, na watoto sita wamesomeshwa humo humo. Sasa wa mwisho amemaliza shule, na Kisyeri anataka kitu kimoja: mtamba wake mwenyewe, jike changa ambalo bado halijazaa, wa laki sita.

Aliwahi kuanza kumtafuta, miaka mitano iliyopita. Alipeleka shilingi laki moja benki, akaziacha mwaka mzima kwa moyo mweupe. Kwao, ukimpa mtu ng'ombe akuchungie, yeye anakunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki wako. Akadhani fedha nazo huchungwa hivyo.

Aliporudi akakuta elfu arobaini na tatu.

"Maziwa wamekunywa, sawa," anasema, akimchapa ng'ombe mvivu kwa jani. "Lakini na paja?"

Paja lilikuwa halali, maana alilikubali mwenyewe. Alikuwa amefunguliwa akaunti ya hundi, ya wafanyabiashara, kisha karani wa siku hiyo akamuuliza huduma moja moja, kila moja na makato yake. Kadi? Ndiyo. Ujumbe wa simu? Ndiyo. Kitabu cha hundi? Ndiyo.

"Binti wa watu anauliza kwa adabu, nitamkatalia vipi?"

Simu yake wakati huo ilikuwa imekufa, na mnadani hakuna anayeuza ng'ombe kwa karatasi. Elfu hamsini na saba zikaenda. Ni sawasawa na malipo ya safari ya leo, ng'ombe wote kumi na tisa.

Aliapa hatakanyaga benki tena. Lakini mwezi wa tatu mwaka huu, Odoyo, tajiri wa ng'ombe anayempa kazi nyingi, alitangaza kwamba sasa analipa kwa akaunti tu. Hakuna akaunti, hakuna kazi.

"Nikamwambia, safari hii tunakwenda wote," anasema mkewe, Scholastica. "Huyu mume wangu hajui neno hapana. Hata mimi aliponioa, niliyemuuliza ni mimi."

Wakafika benki, Mugumu mjini. Dirishani alikuwa Felistas, binti aliyekulia kwenye zizi la babake huko karibu na Sirari.

"Shikamoo baba. Karibu."

"Marahaba, binti yangu. Kabla sijaweka kidole, niambie. Huyu anakula nini kwa mwezi?"

"Nani, baba?"

"Huyu akaunti."

Foleni ikaangua kicheko. Mtu mmoja akapaza sauti nyuma: "Mzee, mfungue mdomo umwone meno!"

"Ndicho nilichofuata," Kisyeri akajibu bila kugeuka.

Felistas hakucheka. Alisogeza karatasi mbili.

"Huyu wa hundi anakula elfu mbili na mia tano kila mwezi, umtumie usimtumie. Huyu wa akiba hana ada ya mwezi. Kuweka ni bure. Kutoa hapa dirishani, elfu mbili kila mara."

"Kwa hiyo nisipomkamua ovyo, hali?"

"Hali, baba. Ujumbe wa simu unataka? Una makato yake."

Kisyeri alifungua mdomo. Scholastica akamuwahi: "Hataki! Atakuja kuuliza mwenyewe, miguu anayo."

"Na kadi?"

Safari hii foleni nzima ikajibu: "Hataki!"

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Juzi Kisyeri aliuliza salio dirishani: laki tatu na elfu themanini na tano. Hajatoa hata mara moja, na hakuna hata shilingi iliyoliwa. Nyumbani ameshasokota kamba ya mtamba. Imetundikwa ukutani, na Scholastica anaifuta vumbi kila Jumapili kama picha ya harusi.

Anatarajia kununua baada ya mavuno, na jina tayari analo.

"Nitamwita Felistas," anasema.

"Felistas!" Scholastica anashika kiuno. "Na mimi niliyesema hataki, hataki, sikuonekana?"

Kisyeri anapiga mluzi wake taratibu, kama anayemtuliza ng'ombe mkali.

"Jina lake yeye, mama. Maziwa yako wewe."