Kiti cha Saa ya Ukutani

Shemeji yangu hakutaka kusikia habari za hospitali, na mimi nilishachoka kumwambia. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka pajani mpaka unyayoni, na sasa mguu wa kulia ulikuwa unakufa ganzi katikati ya wimbo. Kwa mpiga dramu huo ndio mguu wa kazi, ndio unaokanyaga pedali ya ngoma kubwa. Ukilala huo, bendi nzima imelala.

"Hospitali wataniambia nipumzike," alisema. "Nikipumzika mimi, atakaa mwingine. Na akishakaa, nani atamwinua?"

Kwenye bendi tulimwita Saa ya Ukutani, kwa sababu yuko nyuma siku zote, mgongo ukutani, na hakosei. Mimi napiga besi, nimesimama ubavuni mwake tangu kabla hajamwoa dada yangu. Siku aliyokuja nyumbani kujitambulisha, alikalia kiti cha mama huku vijiti vyake viko mfuko wa nyuma, vikatoboa kitambaa. Mama akauliza kama kijana huyu amekuja kuoa au kuchana viti. Kazi nyingine haijui. Aliwahi kuajiriwa kwenye duka la vyombo, wakamtoa mbio kwa kugonga sufuria kutwa mbele ya wateja.

Basi baada ya mazoezi, kiongozi wa bendi akanivuta pembeni. Ni mpiga gitaa, mtu wa maneno machache na yote machungu.

"Shemeji yako amekalia kuti kavu," akaniambia. "Jumapili tunapiga mchana kutwa. Mguu ukimgomea tena mbele za watu, natafuta mtu mwingine. Mwambie wewe, mimi siwezi."

Eti hawezi! Kung'ata anaweza, kusema hawezi. Niliufikisha ujumbe kama ulivyo, sikuupaka sukari. Shemeji akacheka.

"Kama nimekalia kuti kavu," akasema, "basi nitengeneze kiti."

Nilidhani anatania. Kesho yake nikamkuta sebuleni amekaa sakafuni, kile kiti chake cha dramu kimefumuliwa vipandevipande, spana huku, gundi kule. Kilikuwa kiti cha duara cha miguu mitatu ya chuma, sponji yake imekwisha kiasi kwamba kichwa cha bolti kilimchoma makalio. Alikata plaiwudi mpya, pana nyuma na nyembamba mbele ili mapaja yapite bila kubanwa. Akapandisha chuma cha katikati, akajipima kwa kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, huku akiuma meno. Kwenye sponji akachimba tundu ili mwisho wa uti wa mgongo usiguse kitu. Juu akavalisha rexini, ngozi ya bandia ya begi kuukuu, akaipigilia misumari.

Sponji yenyewe aliikata kwenye godoro.

"Na umekata upande wangu!" dada yangu akaja juu.

"Ningekata upande wangu ningelala wapi, na mgongo huu?"

Tulicheka wote watatu, mpaka dada akaenda jikoni ghafla. Nilimfuata, nikamkuta anajifuta macho kwa ukingo wa kanga.

"Mdogo wangu, mwenzio anaogopa," akasema. "Jana nimemkuta anajichoma paja kwa sindano yangu ya kushonea. Aone kama bado linasikia."

"Linasikia?"

"Yeye anasema linasikia. Lakini nilikuwa mlangoni namwangalia usoni. Alifumba macho, sindano ikaingia, hata hakushtuka."

Niliogopa, na woga wangu niliugeuza hasira. Nikarudi sebuleni nikamgombeza shemeji kwa kumwaga gundi sakafuni.

Wiki nzima kile kiti kilikuwa mfalme wa nyumba. Dramu zenyewe zilifungiwa stoo ya ukumbi, kwa hiyo alikijaribu kwa namna alivyoweza. Alikikalia akila, akisikiliza redio, akipokea wageni. Maumivu yalipungua kweli, uso wake ukaanza kurudi kuwa uso. Nami akanikalisha nionje raha. Nilipokaa sikutaka kuinuka, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wenyewe. Kiti kile kilitengenezwa kwa mtu aliyetulia, na mpiga dramu hatulii.

Jumapili ukumbi ulijaa familia nzima nzima. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa taratibu, ukapita salama. Wa pili ulikuwa wa kasi, na hapo nikaanza kusikia. Kila alipobonyeza pedali, sponji ilizama chini yake, na ngoma kubwa ikalia imechelewa. Imechelewa kidogo tu, wachezaji hawakujua. Mimi nilijua, vidole vyangu vilijikwaa juu ya nyuzi. Kiongozi naye akageuka kumtazama. Miaka yote niliyopiga naye sijawahi kumwona akigeuka.

Shemeji alinitupia jicho. Sitaki kuliona tena jicho lile, la mtu anayezama huku watu wanacheza muziki.

Wimbo ulipoisha alishika ukingo wa rexini, akaivuta kwa nguvu zote, akaing'oa pamoja na sponji na kuitupa nyuma yake. Akakaa juu ya mbao tupu, pamoja na vichwa vya misumari. Kisha akahesabu kwa vijiti, tukaingia wimbo mwingine.

Mungu wangu, alipiga! Ngoma kubwa ilirudi mahali pake, matoazi yakalia kama yamefufuka, watu wakaacha soda zao mezani wakaja mbele. Jasho lilimtoka mpaka likadondoka kwenye ngozi za ngoma. Kiongozi hakugeuka tena. Tulipiga hivyo mpaka wimbo wa mwisho, nami nilifurahi kwa ujinga wangu wote.

Tulipoitwa mbele kuwainamia watu, shemeji alibaki palepale, akainua vijiti juu na kutabasamu. Watu waliona ni mbwembwe, wakazidisha makofi. Kiongozi akampitia, akampiga bega.

"Leo umeniziba mdomo, Saa ya Ukutani. Kiti ni chako."

Akashuka jukwaani. Wahudumu wakaanza kukunja viti.

"Twende, shemeji," nikamwambia.

"Simama hapohapo," akasema, tabasamu halijaondoka. "Piga stori yoyote. Chekacheka kidogo."

"Mguu?"

"Miguu," akasema kwa sauti ndogo. "Yote miwili. Tangu ule wimbo wa mwisho, sijui inakanyaga nini."

Kiongozi alikuwa mlangoni bado, akiagana na watu.

"Ongea basi, shemeji. Nakuomba."

Nikaongea. Sijui niliongea nini, nadhani ni habari za nyuzi za besi, na nikacheka peke yangu kwa sauti kubwa. Dada yangu alikuwa anapanda ngazi za jukwaa, uso umemchangamka kwa sifa alizozisikia kule chini. Mkononi alishika viatu vya mumewe, alivyovivua na kumwachia kabla ya kupiga ili aisikie pedali. Akapiga magoti mbele yake, akalegeza kamba.

"Haya, fundi wangu," akasema, "inua mguu."