Kona ya Mdogo Wangu

Watu wa kwetu, upande wa Buwenge, walipomaliza kukodisha mashamba yao kwa wakulima wa miwa, kilibaki kiwanja kimoja tu cha wazi. Nami sikubaki nyuma: shamba langu lina miwa hadi mlangoni. Kiwanja kilikuwa urithi wa mdogo wangu, aliyeuza vitambaa mjini Mbale. Tulichungia hapo, tukaanika mahindi hapo, na Idi tuliswali hapo. Madalali walipoanza kukipima kwa macho, nilipita nyumba kwa nyumba nikisema tukinunue sisi. Nina mdomo, sikatai. Kila nyumba ikatoa debe la mahindi kila mavuno, kwa misimu mitatu.

Bado pesa za mahindi hayo hazikutosha. Nikaenda Mbale. Mdogo wangu alinisikiliza huku akikunja kitambaa, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, "Dada, mimi nawapa kwa hiyo bei yenu. Lakini kaburi yangu itakuwa pale kona, karibu na mvule. Sawa?"

"Sawa," nikamwambia. Nilimzidi miaka tisa. Nilijua yeye ndiye atakayenizika mimi.

Kanuni za kiwanja niliziandika mwenyewe. Kusijengwe, kusilimwe, kusizikwe mtu. Hili la mwisho nililisisitiza, maana kwetu mtu akizika leo, kesho wajukuu wanadai ardhi. Mwaka uliofuata jirani yangu, mwanamume mpole, alifiwa na mama yake. Shamba lake lote lilikuwa la miwa, akaomba mahali pa kaburi tu. Nilimkatalia mbele ya watu, nikamsomea kanuni kwa sauti. Akaenda kumzika mbali, kwenye ardhi ya wajomba zake.

Kisha, asubuhi moja, mtoto wa mdogo wangu akanipigia simu akilia. "Shangazi, Mzee ametutoka. Gari iko tayari. Tumlete?"

Kamati ya kiwanja ilifika uani kwangu kabla sijafunga kanga vizuri. Katibu akasema, "Mama, huyu ndiye aliyetupa kiwanja. Tutafumba macho." Wote waliitikia isipokuwa jirani yangu. Alikaa kwenye mkeka ameinamisha kichwa. Laiti angenitukana. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nikampigia mtoto. "Mzikeni huko huko."

"Shangazi, alisema ulimwahidi."

Nikasema najua.

Nilifika Mbale alasiri, nikawakuta wanakung'uta udongo mikononi. Walionipa mkono ni wasionijua.

Kiwanja kipo. Ndama wananenepa, na wageni kutoka wilayani huja kutusifu. Kila jioni natembea peke yangu hadi kwenye mvule, nasimama pale konani. Nina upweke ambao sijawahi kuujua, na nimejitafutia mwenyewe. Juzi jirani yangu alinikuta hapo. Akasimama nami, akakitazama kiwanja, kisha akauliza kwa upole wake ule ule, "Na wewe, Mama, tutakuzika wapi?"

Nilitazama miwa yangu ng'ambo ya njia, iliyofika hadi mlangoni.