Haji Akataa Kisu, Mkewe Agawa Urithi

Sogeeni karibu, wanangu, na huyo anayetafuna muwa apumzike kidogo. Mwaka jana, hospitalini Mbale, nilikaa benchi moja na Haji mmoja, askari wa zamani, pamoja na mkewe. Daktari alikuwa ametoka kuwaambia kwamba mshipa mkubwa wa damu tumboni mwa Haji umevimba kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Ukipasuka, hakuna kupona. Kuufanyia upasuaji kunawezekana, lakini kwa umri wake nako kuna hatari.

"Miaka sabini na sita nikatwe ya nini?" Haji akasema. "Niacheni na tumbo langu."

Mkewe hakubishana. Akakunja kidole kimoja. "Sawa, afande. Basi tugawe mapema. Redio apewe mdogo wako wa kule Bugembe."

"Yule? Ataiua kwa wiki moja!"

Akakunja cha pili. "Kanzu ya Idi, yeye pia."

"Na kitambi kile?"

Akakunja cha tatu, taratibu, akitazama dirishani. "Na mimi mwenyewe, kwa desturi ya wazee wenu, si atanirithi yeye huyo huyo?"

Haji akasimama. "Daktari yuko wapi? Alete karatasi nitie sahihi!"

Daktari alieleza nusu saa. Mama yule alimaliza kwa vidole vitatu.

Haji alipona, polepole, miezi mitatu bila ruhusa ya kuinua hata ndoo. Kwa hiyo mdogo wa Bugembe alirithi kuchota maji na kupasua kuni. Mama alirithi mume mzima, na manung'uniko yake yote.